Ukumbi wa Wasomaji: Madude ya Kilindini

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu kuchora viumbe wa kwenye magemu, hasa wale waliobuniwa kutokana na wanyama wa bahari ya kina kirefu. Barua na jumbe zimekuja kwa wingi kutoka Mtwara Mjini, Mikindani, Lindi na Kilwa, nyingi zikiwa na picha. Zilizofanana tumeziunganisha. Majina ni ya utani, kama wenyewe walivyotaka.

Taa kama balbu iliyobandikwa

*Wahariri, salaam. Nachora kwa kidole kwenye simu ya RAM ya GB 3, natumia programu ya kuchorea ya ibisPaint. Nampenda sana Lanturn, yule samaki mwenye taa wa kwenye gemu la Pokémon, lakini nikimwekea mwanga kwenye ile taa yake anaonekana kama samaki wa buluu aliyegundishwa balbu. Halafu nikifika leya (tabaka la picha) ya kumi na kitu simu inaganda. Nakosea wapi? – Kidole Kimoja, Chikongola, Mtwara*

Tumeitazama picha yako. Mwili uko sawa, na ile barakoa ya njano usoni umeipata. Shida ni kwamba umechora taa ukasahau kuchora kilichomulikwa na taa. Samaki mzima ana buluu ileile kuanzia mdomoni hadi mkiani, kana kwamba yuko juani ufukweni Shangani, halafu mbele yake kuna duara jeupe linalong'aa peke yake.

Chini ya mita 200 mwanga wa jua ni hafifu mno, na ukipita mita 1,000 haupo kabisa. Kwa hiyo anza na giza, samaki atafuata. Jaza leya ya chini rangi kama #060D18, yaani buluu iliyokaribia weusi. Weusi mtupu wa #000000 uache, maana ukishautumia kwenye maji hubaki na kitu cheusi zaidi cha kuwekea kivuli. Juu yake mpake Lanturn rangi zake za kawaida kwenye leya moja. Fungua leya nyingine, ibane kwenye ile ya samaki kwa kitufe cha "Clipping", iweke kwenye hali ya "Multiply", inayotia giza kilicho chini yake, kisha umfunike samaki mzima kwa buluu nzito, #1B2C4A hivi. Sasa yuko gizani. Hapo chukua kifutio laini chenye ukolezi wa asilimia 15 hadi 20, ufute giza hilo kidogokidogo upande unaoelekea taa. Utakapofuta ndipo patakapoonekana pamemulikwa.

Ufute kiasi gani? Fizikia inajibu. Umbali kutoka kwenye taa ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukiwa mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Kama kwenye picha yako paji la uso liko sentimita 2 kutoka kwenye taa na mkia uko sentimita 12, mkia unapata sehemu moja ya thelathini na sita ya mwanga wa usoni. Uache upotee. Wachoraji wengi hawana moyo wa kuupoteza mkia waliouhangaikia saa nzima, na hapo ndipo picha inapoharibika.

Mwisho kabisa weka leya ya hali ya "Add", inayoongeza mwanga. Kiini kiwe kidogo, karibu cheupe, kisizidi theluthi ya upana wa taa. Kizungushie njano, kisha ukungu mpana wa ukolezi wa asilimia 8 au 10. Ukungu nao ukiwa mweupe, ndiyo hiyo balbu yako. Kwa samaki wa kweli wenye fimbo ya taa kichwani mwanga huwa wa buluu-kijani na hutolewa na bakteria wanaoishi ndani ya kibonge kilicho kwenye ncha ya fimbo. Njano ni uamuzi wa waliombuni Lanturn. Ukiibakiza njano, kumbuka kwamba ikiangukia ngozi ya buluu inaonekana kijani kilichofifia, kwa hiyo mashavuni usipake njano ileile ya taa.

Kuhusu simu: turubai ya A4 yenye dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508. Kila pikseli inakula baiti 4, hivyo leya moja ni takriban megabaiti 35 na leya kumi ni 350, bado hujahesabu kumbukumbu ya kurudi nyuma unapokosea. Chorea kwenye 1748 kwa 2480, ambayo ni A5 ya dpi 300, na kila leya itashuka hadi megabaiti 17. Leya iliyokwisha kazi iunganishe na ya chini yake. Ukimaliza hifadhi kwa PNG, na kwenye WhatsApp tuma kama dokyumenti. Ukituma kama picha inabanwa, na giza lako laini linageuka mistarimistari.

Silikanti wa Songo Mnara

*Asalaam aleikum. Hapa Kilwa watu wazima humtaja yule samaki wa ajabu aliyenaswa Songo Mnara, na nimeambiwa Relicanth wa Pokémon ametokana na samaki huyohuyo. Nataka kuchora Relicanth mwenye mwili wa silikanti wa kweli. Ana mapezi mangapi na yamekaaje? Na mbona picha nyingine ni kahawia, nyingine buluu? – Mjukuu wa Jarife, Kilwa Masoko*

Wa alaikumu salaam. Ni kweli, silikanti wa kwanza kurekodiwa Tanzania alinaswa Songo Mnara mwezi Septemba 2003. Baada yake walinaswa wengine wengi Tanga, kwa majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya silikanti hukohuko Tanga. Kabla ya 1938, alipopatikana mmoja Afrika Kusini, wataalamu waliamini jamii yake ilitoweka pamoja na madainosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mkoa wa Lindi una Tendaguru ya madainosaria na una Songo Mnara ya silikanti. Mchoraji wa viumbe vya kale aliyezaliwa huko hana cha kulalamikia.

Mapezi yako manane, na kosa kubwa ni kuyachora yote sawa. Pezi la kwanza la mgongoni ndilo la kawaida: linafunguka moja kwa moja kutoka mwilini kama la changu. Yapo sita yaliyokaa juu ya kikonyo cha nyama kilichofunikwa magamba: la pili la mgongoni, mawili ya kifuani, mawili ya tumboni, na moja la chini karibu na mkia. Kikonyo kichore kama mkono mfupi, kisha ncha yake izungushie miale ya pezi. La pili la mgongoni na lile la chini yamekaa yakitazamana, moja juu moja chini, na ukikosea hapo samaki wote anapinda. La nane ni mkia. Una sehemu tatu: juu, chini, na katikati kipande kidogo kinachochomoza nyuma. Hicho kipande cha katikati ndicho mtu anayewafahamu silikanti atakitafuta kwanza, na ndicho tunachokikosa katika picha nyingi tulizotumiwa.

Mwendo wake ulirekodiwa na timu ya Hans Fricke kwenye maji ya Komoro mwaka 1987. Pezi la kifuani la kushoto huenda pamoja na la tumboni la kulia, kisha hupokezana, kwa mpangilio wa miguu ya mjusi. Hatembei chini, huelea tu. Kwa hiyo kwenye picha yako, la kushoto mbele likiwa limeinuka, la kulia nyuma nalo liinuke, na mawili yaliyobaki yashuke. Ukiyainua yote manne kwa pamoja anakuwa ndege.

Rangi: akiwa hai, silikanti wetu ni buluu nzito ya chuma yenye mabaka meupe yasiyo na mpangilio. Akifa hugeuka kahawia, na wale wa kwenye mitungi ya makumbusho ndivyo walivyo. Halafu yuko wa Indonesia, spishi nyingine, ambaye ni kahawia hata akiwa hai. Mabaka hayo hayafanani kwa samaki wawili, na watafiti huyatumia kumtambua mmojammoja, kwa hiyo usichore upande mmoja ukaugeuza kuwa upande wa pili. Mchana hujificha kwenye mapango ya mawe, mara nyingi kati ya mita 100 na 300. Jicho lake huakisi mwanga wa tochi. Nukta moja ya kijani-njano katika mboni inatosha.

Relicanth kwenye gemu alianza kuonekana mwaka 2002 katika Ruby na Sapphire, aina yake ni maji na mwamba, na urefu wake umeandikwa mita 1. Silikanti wa kweli hufika karibu mita 2 na kilo 90. Ushauri wetu: mchore kwanza silikanti kamili kwa penseli, mapezi yote manane, ndipo umvalishe uso mzito na ngozi ya mwamba ya Relicanth. Ukianza na Relicanth utaona mapezi ya kweli hayana pa kukaa.

Yule aliyenuna

*Naomba mnisaidie: blobfish ana pua kama ile kweli? – Nunda, Ligula*

Hapana. Ile picha maarufu ya samaki wa pinki aliyelegea, iliyopigwa mwaka 2003 kwenye safari ya utafiti katika bahari za karibu na New Zealand, ni ya samaki aliyevutwa juu kutoka mahali ambapo mgandamizo wa maji ni mkubwa mara 60 hadi 120 hivi kuliko wa hewa ya hapa juu. Nyama yake ni laini kama jeli, mifupa haba, hivyo nje ya kina chake husambaratika umbo. Huko chini ni samaki wa kawaida mwenye kichwa kikubwa na mkia uliochongoka. Mchore vyovyote upendavyo, ila ukimchora amenuna huku anaogelea, umemchora maiti anaogelea.

Kosa la jirani yake ni la Macropinna, samaki mwenye kichwa kinachopitisha mwanga, anayeonekana pia katika gemu la Animal Crossing. Vile vishimo viwili juu ya mdomo vinavyodhaniwa macho ni pua. Macho ni yale makuba mawili ya kijani ndani ya kichwa, na huweza kuzunguka kutoka kutazama juu hadi kutazama mbele.

Pweza wa feri kama kielelezo

*Habari za kazi. Nachora ngisi vampaya, lakini sina vielelezo vya kutosha na bando ni ghali. Feri ya Mtwara pweza na ngisi wamejaa kila asubuhi. Naweza kuwatumia hao? – Binti Kalamu, Msangamkuu*

Nzuri, Binti Kalamu. Watumie, lakini ujue mpaka wao. Pweza wa feri atakufundisha namna mkono unavyokunjika, unavyopungua unene kuelekea nchani, na namna kikombe cha kunyonyea kinavyokaa. Shika mkono mmoja uugeuze: vikombe vimepangwa mistari miwili, vikipishana, vikubwa karibu na mdomo na vidogo kama punje za mtama nchani. Kila kikombe kina ukingo uliosimama na tundu katikati; piga kivuli upande mmoja wa ukingo na upande wa pili wa tundu, na kitaonekana kina kina. Ngisi mwangalie vikombe kwa karibu zaidi: vina pete ngumu yenye meno madogo, utaisikia ukipitisha kidole.

Ngisi vampaya, Vampyroteuthis infernalis, hayuko sawa na yeyote kati ya hao. Ana mikono minane iliyounganishwa na utando karibu hadi nchani, mstari mmoja tu wa vikombe, tena kwenye nusu ya nje ya mkono, na pembeni mwa vikombe kuna safu za vinyama laini vilivyochongoka. Wachoraji huvifanya miba ya kuchomea. Ni laini. Zaidi ya mikono ana nyuzi mbili ndefu anazoweza kuzirudisha ndani ya vijifuko. Juu ya mwili ana mapezi mawili yanayofanana na masikio, rangi yake ni kahawia-nyekundu iliyokolea, na mwili wote pamoja na mikono ni kama sentimita 30. Pamoja na jina lake la kutisha, hanyonyi damu ya mtu: hukusanya chembechembe za mabaki zinazoanguka kutoka juu ya bahari, akizinasa kwa nyuzi zile na kuzifinyanga na ute. Akitishwa hujigeuza utando wote ukamfunika, na kwa kuwa hana wino mweusi wa kurusha gizani, hurusha ute wenye chembe za mwanga wa buluu. Mkao huo wa kujigeuza ndio tungeuchora sisi.

Pweza wa feri amekufa, kwa hiyo rangi yake isikudanganye, na nenda mapema kabla hajapigwapigwa kulainishwa. Kwa video, MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari ya California, ina chaneli ya bure. Ishushe hadi 360p ujifunze mwendo, kisha simamisha kwenye mkao unaoutaka, panda hadi 1080p kwa sekunde chache tu, na upige picha ya skrini. Picha nyingi za NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, ni mali ya umma, unaweza kuzichorea bila wasiwasi. Wala si lazima utafute California kila mara: kamera za roboti za kampuni za gesi, zilizoshushwa kwenye vilindi vya pwani hii ya kusini, zimewapa watafiti picha za wanyama wa huku kwetu.

Mkubwa lakini haonekani mkubwa

*Reaper Leviathan wangu, lile dude la gemu la baharini la Subnautica, kila nikimchora anakuwa kama mkunga. – DJ Kina, Lindi*

Reaper ni mita 55 na mkunga ni mita moja na ushei. Karatasi haijui tofauti mpaka uiambie. Weka mpiga mbizi. Mtu wa mita 1.7 anaingia mara 32 katika urefu huo, kwa hiyo kwenye A4 iliyolala, ukimpa Reaper sentimita 26, mtu awe milimita 8 tu. Wengi humpa mtu sentimita 3 kwa sababu wanataka kuchora miwani yake. Miwani haihitajiki.

Jambo la pili ni maji. Hata bahari safi sana jicho halioni zaidi ya takriban mita 80, na kwa kawaida ni pungufu ya hapo. Maana yake mnyama wa mita 55 anayekuja akikutazama hawezi kuonekana mzima kwa ukali mmoja. Kichwa na zile taya nne za pembeni vipewe mistari iliyokolea na rangi nyekundu kidogo. Theluthi ya kati ikose mistari ya nje. Mkia uwe kivuli tu cha rangi ya maji. Na nyekundu yenyewe usiipende kupita kiasi. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kumezwa na maji, ndani ya mita 10 hivi za mwanzo, kwa hiyo bila tochi karibu yake itaonekana nyeusi.

Chembechembe zinazoelea ziwe za ukubwa tofauti, chache kubwa zenye ukungu karibu na mtazamaji na nyingi ndogo mbali. Ukizipiga sawasawa picha nzima, inakuwa theluji ya televisheni.

Mtoto anachora meno tu

*Shikamooni. Mwanangu ana miaka 11, anachora masamaki yenye meno na taa kichwani, anasema ni ya kwenye gemu. Wadogo zake wanaogopa kulala. Nimkataze? Na kama sivyo, nimnunulie nini? Hapa kwetu karatasi zinajikunja. – Mama Zai, Mikindani*

Marahaba, Mama Zai. Usimkataze, mpe vipimo. Huyo samaki mweusi mwenye taa, Melanocetus johnsonii, jike lake hukua hadi kama sentimita 18, anaenea kiganjani, na dume ni kama sentimita 3. Mwanzoni mwa 2025 mmoja alirekodiwa karibu na uso wa maji pwani ya Tenerife na video yake ikazunguka dunia. Watu waliokuwa wakimdhania ukubwa wa gari walishangaa. Mwambie kijana amchore kwa ukubwa wake halisi, na rula pembeni. Wadogo zake watalala.

Amweleze vilevile kwa usahihi: fimbo ya taa ni ya jike peke yake, inaanzia juu ya mdomo, ni mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni uliobadilika. Macho ni madogo. Ngozi haina magamba. Meno yamelala kuelekea ndani na ni ya urefu tofauti. Akiyapanga sawa kama msumeno, anachora samaki wa katuni.

Vifaa: mnunulie manila nyeusi, penseli ya rangi nyeupe, ya buluu hafifu na ya kijani, na kalamu ya jeli nyeupe kwa nukta za mwisho. Kwenye karatasi nyeusi giza limeshachorwa, kazi iliyobaki ni mwanga, na mtoto hupata matokeo siku hiyohiyo. Akandamize kidogo kwa tabaka tatu au nne. Akikandamiza sana mara moja, nta ya penseli hutoa ukungu mweupe baada ya siku kadhaa. Ufutwe taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Chembe za majini apige kwa mswaki wa zamani: rangi ya maji nyeupe iliyochanganywa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, mswaki sentimita 25 kutoka kwenye karatasi, na samaki afunikwe kwanza kwa kipande cha karatasi kilichokatwa kwa umbo lake.

Kujikunja ni unyevu. Bandika manila pande zote nne juu ya ubao kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya kuchora, na kazi zilizokwisha zilale ndani ya bahasha ya plastiki chini ya kitu kizito. Zisiegemee ukuta wa saruji, hasa msimu wa mvua kati ya Desemba na Aprili, la sivyo zitaota ukungu.

Mpingo na meno

*Mimi ni mchongaji. Kijana mmoja kaniagiza samaki mwenye taa wa kwenye gemu, kwa mpingo. Meno yanakatika na fimbo ya taa imekatika mara mbili. – Fundi Patasi, Mtwara*

Fundi, sanaa ya Kimakonde ya mtindo wa shetani, iliyoanzishwa na Samaki Likankoa miaka ya 1950, imeshazoea viumbe wenye jicho moja na viungo virefu, kwa hiyo mteja wako hajakuomba kitu kigeni. Kinachokusumbua ni nyuzi za mti. Jino likikata nyuzi litakatika tu, hata uwe na mkono gani. Ligeuze gogo ili nyuzi zifuate urefu wa meno ya chini na ya juu, yaani zitoke juu kwenda chini, wala si kichwani kwenda mkiani, na shina la jino lisipungue milimita 4. Kama umbo halikuruhusu, toboa matundu ya milimita 2 upachike meno ya mfupa wa ng'ombe kwa gundi ya epoksi. Yanapendeza zaidi kwa sababu meno ya samaki huyu yanapitisha mwanga kidogo.

Fimbo usiichonge. Tumia waya wa shaba wa milimita 2, uupige nyundo kidogo upate makunyanzi. Kwa taa una bahati ambayo mchoraji hana: gamba la mpingo, lile la njano-nyeupe linalozunguka kiini cheusi. Chonga kibonge kutoka hapo. Au, bora zaidi, chagua gogo ambalo gamba limebaki upande wa juu wa kichwa, uliache kama mng'ao unaoanguka juu ya paji. Gamba hupendwa na wadudu wabunguaji, hivyo lipake dawa ya mbao kabla ya nta, na ukisugua kiwi nyeusi mwilini lifunike kwa utepe, maana likishanyonya weusi haurudi.

Gogo bichi litapasuka. Paka nta ncha zote mbili siku linapokatwa na uliweke kivulini. Bonge la sentimita 10 kwa 10 kwa 15 lina kilo 1.8 hivi, mweleze mteja kabla hajafikiria kulitundika ukutani kwa msumari mmoja.

Fulana za kuuza

*Tuna kikundi cha vijana wanne, tunataka kuprinti fulana za viumbe wa kwenye magemu tuuze stendi na kwenye mabonanza. Sheria inasemaje? Na mbona buluu yetu inayong'aa inatoka imekufa? – Kundi la Kilindi, Lindi*

Kuchora Lanturn ukamning'iniza chumbani, hakuna atakayekufuata. Kumuuza ni jambo lingine: umbo lile lina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki juu ya nakala na kazi zinazotokana nayo. Kubadilisha rangi au kuandika "Lindi" chini yake hakuondoi haki hiyo. Baadhi ya kampuni za magemu huruhusu mauzo madogo kwa masharti yao, nyingine hazitaki kabisa, kwa hiyo soma masharti ya gemu husika. Ila ngisi vampaya, silikanti na samaki mwenye taa hawana mwenyewe. Buni kiumbe chenu kutoka kwa mnyama wa kweli, na hicho mnaweza hata kukisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kibiashara tunaona ndiyo njia nzuri zaidi: fulana yenye silikanti na jina la Songo Mnara haipatikani duka lolote la Dar es Salaam.

Buluu inakufa kwa sababu skrini inatoa mwanga na wino hautoi. Rangi kama #3CF0FF haimo kabisa ndani ya wino wa kawaida wa rangi nne. Msihangaike kuiongeza ukali. Ongezeni giza linaloizunguka, na punguzeni eneo la mwanga. Kabla ya kuprinti fulana 20, lipieni kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10.

Njia ya kuprinti nayo ina neno. Sablimesheni, yaani wino unaohamishwa kwa joto hadi ndani ya nyuzi, inataka kitambaa cha poliesta cha rangi nyeupe au hafifu, nyuzi joto 190 hadi 200 kwa sekunde 50 hadi 60, na picha igeuzwe kwanza kushoto kulia, la sivyo maandishi yatasomeka kinyumenyume. Haina wino mweupe, kwa hiyo kwenye fulana nyeusi haitaonekana chochote. Kwa pamba nyeusi, ambayo ndiyo inayofaa viumbe hawa, ombeni DTF, yaani picha inayoprintiwa kwenye plastiki kisha kuhamishiwa kwenye fulana: wino mweupe unalala chini ya rangi, na plastiki yake hupigwa pasi ya mashine kwa nyuzi 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15, kisha huachwa ipoe kabla ya kubanduliwa, isipokuwa ile iliyotengenezwa kubanduliwa ya moto.

Sasa kosa tunaloliona kila mara: faili lenye mandhari ya giza linapelekwa lilivyo, mashine inaprinti mstatili mkubwa mweusi juu ya fulana nyeusi, mtu anatembea na kipande cha plastiki kifuani kwenye joto la Lindi. Futeni mandhari yote. Acheni sehemu zilizomulikwa tu, hifadhini PNG isiyo na mandhari, na weusi wa fulana ndio uwe bahari. Ukungu laini wa mwanga DTF haiuwezi vizuri, kwa sababu wino mweupe wa chini hutokeza pembeni kama vumbi. Ugeuzeni kuwa nukta zinazopungua ukubwa, zisizopungua milimita 0.5. Fulana ifuliwe baada ya saa 24, ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi, na pasi isipite juu ya picha.